Saundi kadi ya USB: ya flashi, adapta ya mkia, kiboksi cha RCA au intafesi ya maiki, ipi itakufaa na ipi itakusumbua

Laptopu ikikaa karibu na bahari miaka mitatu minne, tundu ya hedifoni ndo huanza kusumbua mapema, mara sauti yatoka upande mmoja, mara ukigusa pini inakoroma, mara kompyuta inajiona ina hedifoni na wewe hujachomeka kitu. Mafundi wetu wa Lamu wakiona hivyo wanakwambia nunua saundi kadi ya USB, na ushauri wenyewe ni sawa kabisa, ila ukienda madukani Mombasa ama ukiagiza mtandaoni unakuta vitu vinne vinaitwa jina hilo hilo na havifanyi kazi moja. Navilinganisha hapa vile ninavyoona vikitumika majumbani, na nitakaa zaidi kwenye matatizo yake manake hapo ndo pesa hupotea, mtu anarudisha kifaa kizima akidhani kimekufa, ama ananunua cha pili na shida iko kwenye waya.

Kazi yake ni hii. Muziki ndani ya kompyuta umekaa kama namba, spika zinataka umeme unaopanda na kushuka, sasa kigeuzi kinageuza namba kuwa umeme. Vingine vinafanya na kinyume, vinachukua sauti ya nje, ya kaseti ama maiki, vinaigeuza namba uihifadhi. Kutoa tu, au kutoa na kuingiza: hilo jiulize kabla ya bei.

Na kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha tundu imekufa kweli. Chukua flashi yenye Linux kama Ubuntu (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows), washa laptopu kwa hiyo flashi bila kuisakinisha, cheza wimbo wowote. Sauti ikitoka safi basi tundu ni nzima, kilichoharibika ni draiva ya Windows, ile programu inayoendesha kifaa, na hapo hapana haja ya kununua kitu. Ikikoroma vile vile, haya, twende kwenye kuchagua.

Vyenyewe vinne

Ile ndogo ya umbo la flashi ndo rahisi kuliko zote, mia chache tu, ina tundu moja ya hedifoni na moja ya maiki. Ndani mara nyingi kuna chipu ya C-Media, sauti yake ni biti 16 na kilohezi 48 (biti ni ukubwa wa kila namba ya sauti, kilohezi ni namba elfu ngapi kwa sekunde), inatosha kwa video na kwa simu za WhatsApp za kompyuta. Nyingine zimeandikwa 7.1 kwa herufi kubwa, yaani spika saba na moja ya besi, hiyo usiilipie hata senti, manake tundu ya hedifoni ni moja na inatoa kushoto na kulia peke yake, hizo saba zinaigizwa na programu. Kinachonikera zaidi ni tundu ya maiki: ni ya upande mmoja tu na imetengenezwa kwa sauti ndogo sana ya maiki, ukiiingizia sauti ya redio kaseti inapasuka na unapata upande mmoja.

Adapta ya mkia ni kale kawaya kafupi, huku USB-C huku tundu ya hedifoni. Ile ya Apple inajulikana kwa kuwa na sauti safi sana kwa bei yake, inafika biti 24 na kilohezi 48, na haihitaji kompyuta ya Apple, inafanya kazi kwenye Windows na Linux bila draiva. Kwa mtu wa kusikiliza tu hapana haja ya kwenda mbali zaidi. Ila angalia kuna adapta za mkia zinazofanana kabisa kwa nje na hazina kigeuzi ndani, ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti yenyewe, na hizo kwenye laptopu hazifanyi lolote. Muulize muuzaji aichomeke kwenye kompyuta mbele yako.

Kiboksi cha RCA ni kile chenye matundu mekundu na meupe, mawili ya kuingiza na mawili ya kutoa. Mfano unaopatikana sana ni Behringer UCA202 na ndugu yake UCA222. Biti 16, kilohezi 48, kushoto na kulia zote mbili zinaingia, na ina tundu ya waya wa mwanga upande wa kutoa, nitakuja kueleza faida yake. Ipo na UFO202 ambayo imeongezwa uwezo wa kupokea sauti ya sinia ya santuri moja kwa moja, kwa hivyo kama una santuri za zamani chukua hiyo, manake sinia bila kikuzaji chake hutoa sauti ndogo mno na nyembamba.

Ya nne ni intafesi ya kurekodia, kama Focusrite Scarlett 2i2: matundu mawili makubwa ya maiki, vifundo vya kuongeza na kupunguza, umeme wa volti 48 kwa maiki zinazouhitaji, na kwenye Windows inataka draiva yake. Bei yake ni ya makumi ya maelfu, sio mchezo.

Ipi kwa nani

Kama ni kusikiliza tu, kisomo, habari, muziki, adapta ya mkia inashinda ile ya flashi kwa mbali na tofauti ya bei si ya kulilia. Ya flashi mimi nashauri mtu awe nayo kwenye droo kwa sababu moja, ni kifaa cha kupimia: sauti ya kompyuta ikipotea ichomeke, ikitoa sauti umeshajua shida iko wapi.

Lakini huku kwetu watu wengi wananiuliza kwa ajili ya kaseti, na hapa nataka nikae kidogo. Nyumba nyingi za Langoni na Mkomani hapa Lamu bado zina makasha ya kaseti, za Maulidi, za taarab za harusi, za sauti za wazee ambao hawapo tena, na hiyo tepu haikai milele, unyevu wa huku unaifanya ishikane na kuota ukungu. Kama unazo zirekodi sasa, usingoje. Na kwa kazi hiyo ni kiboksi cha RCA, hapana mjadala. Ya flashi haifai kwa ile sababu ya upande mmoja. Adapta ya mkia haina mlango wa kuingizia kaseti. Intafesi inaweza, ila utahitaji waya za kugeuza kutoka RCA kwenda jeki kubwa ya gitaa, na utakuwa umelipa mara kadhaa zaidi kwa sauti ambayo kaseti yenyewe haina, manake kelele ya tepu iko juu ya kiwango cha biti 16 hata tepu ikiwa nzuri. Biti 24 kwenye kaseti ya miaka ya themanini hazikuongezei kitu.

Hesabu ya nafasi uijue mapema: sauti ya kilohezi 44.1 biti 16 pande mbili inakula kama MB 10.6 kwa dakika, kwa hivyo kaseti ya C60, ya dakika 60, ni kama MB 635 na ya C90 inakaribia GB moja. Kasha zima la kaseti linajaza flashi nyingi, nunua diski ya nje na uhifadhi sehemu mbili.

Intafesi ni ya mwenye maiki. Kijana anayerekodi kasida, mpigaji udi, mwalimu anayetengeneza masomo, hao ndo wataiona thamani yake, manake vifundo vile na umeme wa maiki hupati kwingine. Kama huna maiki ya maana usiinunue ukidhani itafanya muziki wa YouTube usikike tofauti.

Matatizo, na ni ipi inaumwa na nini

Kompyuta haikioni kifaa kabisa. Hapa mshukiwa wa kwanza ni waya. Kuna nyaya za USB za kuchajia tu, ndani zina nyaya mbili za umeme na hazina zile mbili za data, sasa kifaa kinawaka taa vizuri na kompyuta haijui kama kipo. Shida hii inaipata intafesi sana kwa kuwa waya wake unachomoka na mtu anautumia kuchaji simu halafu anarudisha mwingine. UCA202 waya wake umeunganishwa moja kwa moja, ya flashi haina waya, hizo haziwezi kuumwa ugonjwa huo, lakini waya wa kiboksi ukikatika ndani ni kazi ya fundi kufungua. Kujua kama kinaonekana, kwenye Windows andika devmgmt.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, kwenye Linux fungua tamino, dirisha la kuandikia amri, na uandike lsusb, chomoa, chomeka, uone kama kuna jina linaongezeka. Halipo, badilisha waya, badilisha tundu, toa habu (kigawanyi cha matundu ya USB) kama unatumia. Bado halipo, jaribu kompyuta nyingine kabla ya kukihukumu.

Kuna na suala la umri wa Windows, na huku laptopu nyingi ni mitumba. Vifaa vya kawaida vya kilohezi 48 vinatumia utaratibu wa zamani wa sauti ya USB ambao Windows yoyote inaujua. Vile vya juu zaidi, vya kilohezi 192 na kuendelea, vinatumia toleo la pili la huo utaratibu, na Windows ilianza kulielewa yenyewe mwaka 2017 kwenye Windows 10 toleo la 1703. Ukiwa na Windows 7 na kifaa cha namna hiyo bila draiva ya mtengenezaji, utakaa na kitu kinachowaka taa tu. Mac na Linux hazina shida hiyo, zililijua mapema. Kwa hivyo mwenye laptopu ya zamani asivutiwe na namba kubwa kwenye boksi.

Kinaonekana lakini kimya. Mara nyingi kompyuta bado inapeleka sauti kwa spika za ndani ama kwa TV iliyounganishwa na HDMI. Andika mmsys.cpl, dirisha la sauti litafunguka, kwenye kichupo cha Playback chagua kifaa chako kiwe cha kawaida. Kisha funga ile programu ya muziki na uifungue tena, nyingine hazihami katikati ya wimbo. Linux, andika aplay -l uone kama kadi ipo, halafu fungua pavucontrol, programu ya kuchagua sauti inakokwenda, uchague. Na kama kurekodi ndo kuko kimya kwenye Windows 10 ama 11, angalia mipangilio ya faragha ya maiki, programu isiporuhusiwa kutumia maiki haipati sauti hata ya kaseti.

Kuna moja nataka niieleze kwa karibu manake inawapata karibu wote wenye kiboksi. Kijana mmoja wa hapa alikuwa anamrekodia ami yake kaseti za harusi, ami amekaa pembeni anasikiliza, akamwambia, "Mwanangu, hii sauti mbona imekaa katikati, wapigaji walikuwa huku na huku." Kijana akasema, "Ami, kaseti ni ya zamani, imechoka." Kaseti haikuwa imechoka. Windows inakiona kile kiboksi inadhani ni maiki, na maiki inaipa chaneli moja, kwa hivyo pande mbili zinakuja kama moja. Dawa yake: mmsys.cpl, kichupo cha Recording, bonyeza mara mbili kifaa, nenda kichupo cha Advanced, badilisha kutoka chaneli 1 kwenda chaneli 2, biti 16, 44100. Hapo hapo zima maboresho yote ya sauti, yale yametengenezwa kwa mazungumzo, yanakata vinanda yakidhani ni kelele. Kisha kwenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi, chagua stereo kabla ya kubonyeza rekodi. Kijana alirudia kaseti zote, na ami alikaa akazisikiliza zote tena.

Sauti inapasuka wakati wa kurekodi: UCA202 haina kifundo cha kupunguza kinachoingia. Deki yenye matundu mekundu na meupe haina neno, kiwango chake ni sawa. Redio kaseti yenye tundu ya hedifoni tu, tumia waya wa pini ndogo kwenda RCA, anza na sauti ya redio chini kabisa, panda kidogo kidogo mpaka vipimo vya Audacity vicheze karibu na desibeli -6 na visiguse juu. Hapa intafesi inamshinda kiboksi kwa kuwa ina vifundo, nakubali.

Sauti inakatakata, tak tak. Ya flashi na ya mkia zinaumwa hivi mara chache. Intafesi inaumwa zaidi, kwa sababu watu wanaipunguzia bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri zamu) ili isichelewe, na laptopu dhaifu haiwahi. Ongeza bafa, ipeleke 256 ama 512. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, sio kwenye habu yenye mausi na diski na kila kitu, manake tundu ya USB 2.0 inatoa miliampea 500 tu na habu isiyo na umeme wake inagawa hizo hizo. Jaribu tundu nyeusi badala ya ya buluu, vifaa vingine vya zamani havipatani na USB 3. Zima ile tabia ya Windows ya kuzima USB kwa kubana umeme. Bado? Zima WiFi dakika tano usikilize. Draiva mbaya ya WiFi inaweza kuizuia kompyuta isihudumie sauti kwa wakati, na programu ya bure ya LatencyMon itakuonyesha ni draiva gani.

Mvumo mzito usioisha, mmmm, chini ya muziki. Hii ndo kubwa ya nyumba zetu, haswa nyumba za mawe zilizopitishiwa nyaya za stima kwa vipindi vipindi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na laptopu ikiwa imechomekwa soketi moja na ampu soketi nyingine, nyaya za ardhi za hizo mbili zinakutana kupitia waya wa sauti na kufanya mzunguko, mvumo unaingia hapo. Pima hivi: chomoa chaja ya laptopu, itumie betri. Mvumo ukipotea papo hapo, saundi kadi haina kosa lolote na kununua nyingine ya bei zaidi hakutasaidia, mvumo utakufuata.

Tafadhali usikate ule mguu wa ardhi wa plagi. Nimesikia mafundi wanaoshauri hivyo, na kweli mvumo unaondoka, lakini ule mguu ndo unaookoa maisha ampu ikivuja umeme, na nyumba yenye watoto na sakafu yenye unyevu si pahali pa kujaribu. Njia za sawa ziko. Ya kwanza ya bure, chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ya pili, kama ampu yako ina tundu ya kuingizia mwanga, kiboksi cha RCA kinatoa kwa waya wa mwanga, na mwanga haupitishi umeme, kwa hivyo mzunguko umekatika na ardhi imebaki mahali pake. Ya flashi na ya mkia kwa kawaida hazina tundu hiyo. Ya tatu, kitenganishi kidogo cha transfoma kinachokaa kati ya waya wa sauti na ampu, wenye kufunga redio za magari wanazo. Kuna na vitenganishi vya USB, ila vile vya bei ya chini vinapitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, vinafaa kwa UCA202 na wenzake, kwa intafesi ya kasi kubwa havifai.

Kelele nyembamba inayobadilika ukisogeza mausi ni kitu kingine, hiyo ni kelele ya ndani ya kompyuta inayopitia waya wa USB. Hamia tundu ya upande mwingine wa laptopu, mara nyingi inapungua.

Chumvi sasa. Ya flashi inasimama ngumu nje ya laptopu, kila ikiguswa inalegeza tundu, na tundu iliyolegea ikiingia hewa ya bahari inashika kutu ya kijani upesi. Iwekee ekstensheni fupi ya USB, iache laptopu ipumue. Adapta ya mkia inakatikia pale waya unapoingia kwenye kichwa, usiikunje. Kiboksi na intafesi zinakaa mezani hazisumbui tundu, matundu yake ya RCA ndo ya kuangaliwa. Ikianza kukwaruza, zima kila kitu, chukua spiriti yenye pombe nyingi na pamba ya masikio, sugua, ngoja ikauke. Usitumie mafuta ya taa wala mafuta ya cherehani. Wakati haitumiki iweke kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu.

Ukienda kununua nenda na laptopu yako, na kama ni kwa kaseti beba redio kaseti pia na kaseti moja unayoijua. Rekodi dakika moja palepale dukani, laptopu ikiwa kwenye chaja, halafu nyingine ukiwa umechomoa chaja, vaa hedifoni usikilize kushoto peke yake kisha kulia peke yake. Mwenye duka akikataa kukuachia ujaribu, nenda kwa mwingine, manake kurudisha kifaa kutoka Lamu mpaka Mombasa ni boti mpaka Mokowe na basi la siku nzima.